Mwanamke Mzima Ana Damu Kiasi Gani?

Tangu maabara za mjini zianze kutuma majibu kwa simu, mimi mstaafu nimerudishwa kazini bila mshahara. Mabinti wa mtaani, wakwe wa ndugu zangu, hata wanakwaya wenzangu, kila anayepata karatasi ya vipimo ananirushia picha yake kwenye WhatsApp. Karatasi zenyewe zinafanana: jina la kipimo, namba uliyopata, kisha mpaka wa chini na wa juu wa kile kinachoitwa kawaida. Namba ikitoka nje ya mipaka hiyo inawekewa herufi, L kwa iliyoshuka na H kwa iliyopanda, mara nyingine kwa rangi nyekundu. Swali siku hizi linatangulia hata salamu. "Mama, hapa pana L. Ni kansa?" Shikamoo inafuata baadaye, ikikumbukwa.

Nami humuuliza: hiyo mipaka wameipata wapi? Hakuna aliyewahi kunijibu, na siwalaumu, maana ziko maabara zinazoichapa kila siku ambazo nazo haziwezi kujibu. Mimi najua kidogo kwa sababu kuna kipindi nilitumwa kwenda kuitafuta.

Nilianza kazi kama fundi sanifu wa maabara katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, enzi ambazo himoglobini ilipimwa kwa macho. Unachanganya damu na asidi kwenye kichupa, inageuka kahawia, unaongeza maji tone kwa tone mpaka rangi ilingane na ya kioo cha pembeni. Jibu lilitoka kwa asilimia, na wazee mpaka leo watakwambia, "Nilipojifungua huyu wa mwisho damu ilishuka mpaka asilimia 50." Chuoni tulikuwa na mkufunzi mmoja mkali aliyewahi kutusimamisha kwa swali hili: asilimia 100 ni damu ya nani? Darasa likawa kimya. Akatueleza kuwa ilitegemea kifaa. Kwenye kipimo cha Haldane, mwanasayansi wa Uingereza aliyefanya kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, 100 ilikuwa wastani wa wanaume wazima wenye afya. Wanawake wenye afya walipopimwa kwa kifaa hichohicho walitoka takriban asilimia 11 chini. Kwa hiyo mwanamke asiyeumwa chochote alikuwa na asilimia 89, na karatasi yake ilisomeka kama ya mtu aliyepungukiwa kitu.

Tulicheka. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuitazama namba ya kawaida bila kutaka kumjua mwenye nayo.

Miaka ya mwanzo ya 2000 hospitali yetu ilipata mashine ya kuhesabia damu, ile inayotoa picha kamili ambayo madaktari huiandika FBP. Kwa dakika moja inakupa himoglobini, chembe nyeupe kwa aina zake, chembe sahani, kila kitu. Ilikuja na kijitabu chenye mipaka tayari, na kwa maandishi madogo kijitabu hicho kilishauri kila maabara ithibitishe mipaka kwa watu wake. Utaratibu wa kimataifa uko wazi: ukitaka kuazima mipaka ya mwingine, pima watu 20 wenye afya, na wasipozidi wawili wanaotoka nje, azima. Wakizidi, ijaribu tena kwa wengine 20. Ikishindikana, tengeneza yako, na hapo utahitaji watu wasiopungua 120 kwa kila kundi.

Mkuu wa maabara alisema tuanze na wanawake. Wanaume hawakumsumbua. Walikuwepo ndugu wa wagonjwa wanaokuja kuchangia damu, walikuwepo askari. Wanawake wachangiaji walikuwa wachache, kwa kuwa huyu ni mjamzito, yule ananyonyesha, na wa tatu amepimwa mlangoni akaambiwa damu yake haitoshi kutoa. Ukichukua waliobaki ukasema hawa ndio wanawake, umejidanganya, kwani wenye himoglobini ya chini umeshawarudisha nyumbani.

Tulipima wanafunzi wa uuguzi 20. Himoglobini zao zilikuwa nzuri tu. Kilichotushangaza ni nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Kijitabu kilitaka zisipungue elfu mbili katika kila mikrolita ya damu, na mabinti hawa, wanaocheza netiboli kila jioni, walikuwa na elfu 1.5, wengine 1.3. Waliotoka nje ya mpaka walizidi wawili kwa mbali. Mkuu aliishuku mashine. Tukaisafisha, tukapitisha sampuli ya udhibiti, tukahesabu kwa mkono chini ya hadubini. Tukaongeza mabinti wengine. Jibu likabaki palepale.

Basi ikawa lazima tuwatafute 120, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kumpata mwanamke mwenye afya ni kazi kubwa kuliko kumpima. Wanafunzi peke yao wasingefaa, maana wote wana umri wa miaka 20 na ushei na wanakula bwalo moja. Tulihitaji wa miaka 30, wa 45, waliozaa na wasiozaa, wa mjini na wa shamba. Masharti yalikuwa marefu. Asiwe mjamzito, asiwe amejifungua karibuni, asiwe na virusi vya UKIMWI, asiwe na malaria, asiwe ameongezewa damu, asiwe kwenye dawa. Kila sharti lilipunguza mstari.

Sokoni tulimpata mama muuza nyanya, mcheshi, aliyewahimiza wenzake wakubali sindano. Tulipomuuliza kuhusu ujauzito alicheka, akasema kiwanda kilishafungwa. Kipimo cha mkojo kikasema vingine. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba jambo moja tu: nisiliandike mahali ambapo wifi yake, aliyekuwa kwenye foleni nyuma yake, angeweza kulisoma. Kuanzia siku hiyo tulibadili utaratibu. Kila aliyekuja alichukuliwa damu, akapewa soda yake, akaondoka. Mchujo tuliufanya ofisini kwa namba, si kwa majina, na mwenye jibu la kuambiwa aliitwa faragha. Mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, kumwacha mwanamke mmoja kwenye foleni ni kutangaza ugonjwa wake. Hilo haliko kwenye kijitabu chochote cha takwimu, lakini bila hilo takwimu zenyewe zisingepatikana.

Mjamzito naye si wa kuchanganywa na wengine. Mimba inapokua, maji ya damu yanaongezeka karibu kwa nusu, chembe nyekundu zinaongezeka lakini haziyafikii, na himoglobini inashuka bila mama kupoteza hata tone. Chembe nyeupe zinapanda. Kimeng'enya kimoja kinachosomwa kwenye vipimo vya ini nacho kinapanda, kwa sababu kondo la nyuma linatengeneza cha kwake. Maabara yenye safu moja tu iliyoandikwa "wanawake" inawatisha wajawazito kila siku ya kliniki.

Halafu kulikuwa na maswali ya hedhi. Mwenzangu wa kiume, mzee wa kanisa, alishindwa kabisa kuyauliza, yakaangukia kwangu. Mwezini unakaa siku ngapi? Unabadilisha vitambaa mara ngapi? Mwanamke mmoja wa miaka kama 40 alinieleza damu inayomtoka kwa siku nane, usiku anaamka mara kwa mara kubadilisha, na akamalizia kwa utulivu kabisa kwamba yeye ni wa kawaida. Mama yake alikuwa hivyo, dada zake wako hivyo. Kitaalamu, hedhi inayozidi mililita 80 kwa mwezi inahesabiwa kuwa nzito, kwa kuwa madini ya chuma yanayopotea ni vigumu kurudishwa na chakula. Huyu alizidi kwa mbali. Fomu yetu ilikuwa na swali, "Je, unaumwa?" Alijibu hapana, na hakusema uongo.

Mabishano makubwa yalikuja tuliposhuka Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, kwenye joto, mpunga na mbu. Alikuja mama mwembamba amejitwisha ndoo ya maji, akaitua, akakaa, akatoa mkono. Watoto wanne. Hospitali hajaingia tangu alipojifungua wa mwisho. Malaria hana, mimba hana, virusi hana. Himoglobini gramu 8.6 kwa desilita.

Usiku ule kwenye nyumba ya wageni hatukulala mapema. Mzee wa kanisa alitaka aondolewe: Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu, huyu ni mgonjwa, hana nafasi kwenye orodha ya wazima. Mkuu akamkatalia. Ukimtoa kwa sababu ya jibu lake, alisema, umeutumia mpaka kuutafuta mpaka. Utawatoa wote walio chini ya 12, kisha utatangaza kwa furaha kwamba wanawake wetu wote wazima wako juu ya 12. Na hiyo 12 yenyewe, akaongeza, iliandikwa kwenye ripoti ya mwaka 1968 kwa vipimo vya watu ambao wengi wao walikuwa wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Mimi nilikuwa katikati, na mpaka leo naona kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Mwili ukipungukiwa damu polepole, kwa miezi na miaka, unazoea. Mtu analima, anatwanga, anabeba ndoo, haoni anachokosa kwa sababu hajawahi kukipata. Na hakuwa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mahali ambapo karibu nusu wamepungukiwa, ukiwapanga wanawake kwa mstari ukakata asilimia mbili na nusu kila upande, unachopata ni picha ya jinsi watu walivyo. Hakikuambii walipaswa kuwaje. Ukiichapa picha hiyo kwenye karatasi ya majibu kama kawaida, yule mama wa ndoo hatawekewa L. Daktari atampita. Umemponya kwa kalamu.

Njia ya kutoka ipo, nayo ni kuchuja kwa kitu kingine kisicho himoglobini. Feritini inaonyesha akiba ya chuma mwilini. Mtu mzima asiye na maambukizi akiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita, ghala lake ni tupu, hata kama himoglobini bado inajikongoja juu ya mpaka. Ukiwatoa hao kwanza, pamoja na wenye maambukizi ambayo huipandisha feritini kwa uongo, waliobaki ndio wa kuwauliza damu ya mwanamke mzima ni kiasi gani. Sisi hatukuwa na kipimo hicho. Mama yule tulimpa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo, tukamwandikia rufaa. Namba yake tuliibakiza kwenye daftari, na kwa himoglobini tukakubaliana tusitangaze mpaka wetu wenyewe.

Nyutrofili zikawa hadithi nyingine. Wakati sisi tunahangaika na daftari letu, wakubwa zetu walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo kwa fedha na mashine bora, hasa kwa sababu majaribio ya chanjo ya UKIMWI yalikuwa yanaingia Afrika Mashariki na vijana wazima walikuwa wakikataliwa kwa mipaka ya Marekani. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya watu wazima wenye afya wa kusini mwa Tanzania, na mengine ya Kericho, Kenya. Mwaka 2009 yakatoka ya vituo saba vya Rwanda, Kenya, Uganda na Zambia: watu 2,990 walichunguzwa, 2,105 wakabaki baada ya mchujo, 1,022 kati yao wanawake. Nilizisoma karatasi hizo nikijihisi kama mtu aliyesikia jirani akikohoa kikohozi chake. Nyutrofili chini, eosinofili (aina nyingine ya chembe nyeupe) juu, chembe sahani chini kidogo. Mashine yetu ilikuwa inasema kweli.

Mwaka huohuo wanajenetiki wakaeleza sababu. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana, juu ya chembe zao nyekundu, alama iitwayo Duffy. Tangu miaka ya 1970 ilijulikana kuwa kimelea cha malaria aina ya vivax hushika alama hiyo ili kuingia kwenye chembe, kwa hiyo asiyekuwa nayo amekingwa kwa kiasi kikubwa. Sasa ikaonekana kuwa mabadiliko yaleyale ya kijeni ndiyo yanayofanya nyutrofili zinazozunguka kwenye damu ziwe chache. Mwenye nazo chache kwa sababu hii haugui zaidi ya mwenzake. Mabinti wa netiboli walikuwa wazima kama walivyoonekana.

Eosinofili zilizopanda, kwa upande mwingine, sehemu kubwa ni minyoo. Wape watu dawa, zinashuka. Kwa hiyo kwenye karatasi moja ya mwanamke mmoja una mstari wa nyutrofili ambao ni urithi, mstari wa eosinofili ambao ni udongo anaoukanyaga bila viatu, na mstari wa himoglobini ambao ni urithi, chakula, mimba, hedhi na malaria kwa pamoja. Wanaosema "tutumie viwango vyetu vya Kiafrika" hunifurahisha kwa mstari wa kwanza na kunitia hofu kwa mstari wa tatu. Wa kwanza tuliushusha bila kusita. Wa tatu kuushusha ni kuhalalisha njaa.

Na kuushusha ule wa kwanza si jambo dogo. Miaka kadhaa baadaye alinijia mwalimu mmoja ambaye alikuwa kwenye kundi letu. Alikuwa anatibiwa saratani ya matiti katika mji mwingine, na zaidi ya mara moja alikuwa amerudishwa nyumbani bila dozi. Mara nyingi dozi huahirishwa nyutrofili zikiwa chini ya 1.5, na zake zilikuwa 1.2, 1.3. Daktari alidhani dawa imezishusha. Mwalimu alikumbuka kuwa tuliwahi kumpima akiwa hana ugonjwa wowote. Daftari la namba na majina lilikuwa limefungwa kabatini. Akasaini, tukafungua: 1.3. Alisafiri na nakala ile kwenye pochi. Daktari wake, ambaye simfahamu, alisikiliza, na dozi zikaanza kwenda kwa ratiba. Hapo mpaka wa wanawake 120 haukuwa na maana tena, wala ule wa kijitabu. Namba yake mwenyewe ya siku za uzima ilikuwa bora kuliko yote miwili, na ndiyo maana nawasumbua mabinti wasitupe karatasi zao za zamani.

Nawaambia na hesabu nyingine. Mipaka inakatwa makusudi ili mzima mmoja katika kila 20 atoke nje. Karatasi yenye mistari 20, kama mistari hiyo haitegemeani, ina uwezekano wa asilimia 64 wa kumpa mtu mwenye afya angalau herufi moja. Asiyepata L wala H hata moja ndiye mwenye bahati.

Mashine yetu ilipochakaa ikaja nyingine na mipaka yake ya kiwandani. Fundi aliyekuja kuifunga, kijana mwenye adabu, nilimpa mipaka yetu aiingize. Akaniambia kumbukumbu ina nafasi za mwanamume, mwanamke, mtoto na kichanga. Wajawazito tuwaweke wapi? Tukachapa karatasi yao pembeni, kwa kila miezi mitatu ya mimba, tukaipeleka kliniki.

Sasa karatasi ile nayo imepitwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa himoglobini. Mpaka wa 12 kwa asiye mjamzito umebaki. Kwa mjamzito wa miezi mitatu ya kati umeshushwa kutoka 11 hadi 10.5. Kilichowashtua manesi wa huku kwetu ni marekebisho ya mwinuko, maana mwili wa anayeishi juu, kwenye hewa nyembamba, hutengeneza damu zaidi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Zamani tulikuwa tukiongeza nusu gramu hivi. Sasa kati ya mita 1,500 na 1,999 inaongezwa gramu 1.1. Yaani mwanamke wa Mbeya mwenye 12.6 ana upungufu, na dada yake wa Dar es Salaam mwenye 12.6 ileile hana.

Muuguzi mmoja kijana alinipigia simu kuuliza kama ni kweli, na vidonge vya kuwatosha wote hao vitatoka wapi. Nilimwambia ni kweli, na hesabu ya mwinuko naiamini, niliiona kwa macho kati ya Kyela na mlimani. Lakini mwanamke wa 12.6 sitaki apewe vidonge kwa sababu ya mstari uliohama, wala sitaki aachwe kwa sababu ya mstari wa zamani. Nataka apimwe feritini. Kipimo hicho siku hizi kinapatikana mjini, kwenye maabara za watu binafsi, na mgonjwa anakilipia mwenyewe.